Nataka sherehe ya mbio za farasi nyumbani, lakini kundi limenyamaza

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Chuno hapa Mtwara mjini. Mdogo wangu wa kiume anafanya kazi Durban, Afrika Kusini, na kila mwezi wa saba hunitumia picha za mbio za farasi za kule, zile wanazoziita Durban July. Shangazi, ukiona watu walivyovaa! Kofia pana kama ungo, magauni yanafagia majani, wanaume na suti za njano na zambarau. Farasi wenyewe kwenye picha huwaoni, unaona watu tu.

Mwaka huu nimepania. Nina marafiki kama kumi na wawili, wengi wao ni wa kikoba chetu, ukijumlisha na waume zao. Sisi tukikutana ni msibani, harusini au kwenye kikao cha hela. Nikasema safari hii nawaita kwangu bila sababu yoyote, tucheke tu. Nikaandika kwenye grupu: Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba, nyumbani kwangu, Siku ya Farasi. Kila mtu aje na kofia kubwa na nguo ya nguvu, mpya ikiwezekana. Kila mmoja alete elfu kumi ya dau, achague farasi wake, na ambaye farasi wake atashinda azibebe zote.

Kundi likanyamaza. Wamesoma wote, alama naziona. Jioni mmoja akaniandikia pembeni: "Shoga, hiyo si kamari?" Mwingine akanipigia, akazunguka weee, mwisho akasema hana hela ya fundi kwa sasa. Wa tatu akaandika mbele ya watu wote: "Farasi wa wapi Mtwara? Tuanze na kutafuta punda kwanza." Watu wakacheka, na tangu siku hiyo nikipita naulizwa kama farasi wangu wamekula.

Nyumbani nako kuna lake. Mama mkwe tunaishi naye. Ni mtu wa swala tano, ananipenda, sina ugomvi naye hata kidogo. Aliposikia habari hii aliuliza kitu kimoja tu: "Na ulevi utakuwepo?" Mume wangu akacheka, akasema bia mbili tatu haziui mtu. Mama akanyanyuka akaingia chumbani kwake, na suala hilo halijaguswa tena.

Naomba unishauri, Shangazi. Niache? Na nisipoacha, sherehe yenyewe naiendeshaje mahali pasipo na farasi, umeme ukiwa wa kuombea na bando la intaneti likiisha katikati? Sitaki watu waseme najidai kwa sababu nina ndugu Durban.

Mwenye farasi wasioonekana,
Chuno, Mtwara

*

Marahaba mwanangu,

Usiache. Ila ondoa elfu kumi na ondoa amri ya nguo. Hayo mawili ndiyo yaliyolinyamazisha kundi lako. Farasi wamesingiziwa tu.

Hebu angalia kalenda ya kwetu kusini. Mwezi wa saba hela ya korosho imeshakuwa hadithi. Minada huanza kwenye mwezi wa kumi, na kilicholipwa kilishaingia kwenye ada, bati na michango ya harusi za watu. Na huo ndio wakati wa kupuliza mikorosho, kwa hiyo hata mfanyakazi wa ofisini mwenye ekari zake mbili Nanyamba anawaza vibarua na pampu. Katikati ya hali hiyo wewe umewaambia waje na elfu kumi, wapitie kwa fundi, na waume zao wavae suti. Ukipiga hesabu ya mke na mume, umewaalika kwenye harusi isiyo na bwana harusi. Mtu hawezi kuandika kwenye grupu kwamba hana, basi ananyamaza, au anatania kuhusu punda. Yule aliyekupigia kuhusu fundi mshukuru, maana amesema kwa niaba ya wengi.

Unaweza kujiuliza kama uhamishie kwenye msimu wa hela. Mbio zipo: Melbourne Cup ya Australia hukimbiwa Jumanne ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja, mita 3200, na kule Melbourne siku hiyo ni sikukuu. Lakini saa tisa alasiri yao ni saa moja asubuhi yetu, Jumanne, watu wanakimbilia kazini. Labda kama unataka sherehe ya chai na vitumbua. Kentucky Derby ya Marekani nayo, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano, hukimbiwa jioni yao, na kwetu inakuwa karibu saa nane za usiku. Kwa hiyo mdogo wako amekuchagulia vizuri bila kujua: Durban iko nyuma yetu kwa saa moja tu, mbio kubwa ni alasiri, tena Jumamosi. Baki hapohapo kwenye mwezi wa saba, ila gharama ziwe juu yako, na zako ziwe ndogo.

Sasa la kamari. Rafiki yako aliyeuliza pembeni hakukosea, na amekustahi kwa kutoliweka hadharani. Kila mmoja akitoa elfu kumi na mmoja akazibeba zote kwa bahati, hilo ni dau, hata mkilipamba kwa maua. Aya ya 90 ya Suratul Maida inataja ulevi na kamari kwa pamoja, na nadhani mama mkwe wako aliposikia habari za mbio alivifikiria vyote viwili, akauliza kimoja. Serikali nayo ina mkono wake huko: michezo ya kubahatisha ina sheria yake ya mwaka 2003 na ina Bodi inayotoa leseni. Sebule ya Chuno si mahali pa kuanza kujieleza kwa mtu yeyote.

Lakini mbio zenyewe hazina ubaya, na hili mwambie mama kwa adabu, maana huenda analijua kukushinda. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kutoka kwa Ibn Umar kwamba Mtume alishindanisha farasi, wale waliofunzwa kwa mwendo mrefu zaidi na wasiofunzwa kwa mwendo mfupi. Kushindana na kushangilia ni kitu kimoja, kuweka hela juu ya mgongo wa farasi wa mwenzio ni kitu kingine. Ukiondoa hela, kila mtu akapewa farasi wake kwa kura bure, na zawadi ukaitoa wewe mwenye nyumba, hapo hakuna anayepoteza kitu. Akibaki mwenye shaka, amuulize shekhe wake. Usimbishie kwenye grupu.

Kuhusu kicheko cha punda. Ni kweli kusini hatuna farasi wa kuzungumzia. Mbung'o na maradhi vimewamaliza farasi wa nchi hizi tangu enzi za misafara, ndiyo maana mizigo ilipita vichwani mwa watu. Wanaotaka kuwaona farasi wakishindana Afrika Mashariki huenda Ngong, Nairobi. Na huyo rafiki yako aliyetania hajui alichokisema: Lamu, wakati wa Maulidi, mbio za punda ni jambo kubwa, vijana wanapanda bila tandiko na mji mzima unatoka. Kwa hiyo punda si tusi. Lakini mtu hahitaji kuwa na farasi ili ashangilie farasi. Vijana wako hapo Mtwara wanalia machozi kwa timu za Uingereza ambazo hawajawahi kuziona kwa macho.

Tuje kwenye sherehe yenyewe, maana hapa ndipo ulipoacha pengo. Durban July ilianza 1897, inakimbiwa uwanja wa Greyville, mita 2200. Unajua inachukua muda gani? Dakika mbili na sekunde kidogo. Wageni watakaa kwako tangu saa tisa mpaka baada ya isha, na wewe umeandaa kitu cha dakika mbili ambacho nacho kinategemea bando. Bora mbio za moja kwa moja ziwe nyongeza tu. Zikipatikana, vizuri. Zikikatika, asitokee mtu wa kuona kwamba kuna kilichoharibika.

Kitu nitakachokuambia ukifanye ni kuwawekea mbio za zamani. Zipo kwenye intaneti bure. Zipakue mapema, weka kwenye flashi, zionyeshe kwenye televisheni. Wageni wako hawajui nani alishinda mwaka gani, kwa hiyo kwao ni mbio za leo. Andika namba za farasi kwenye vikaratasi, kila mtu achomoe chake, ndipo ubonyeze.

Mbio gani? Ningekuwa mimi ningechukua ya Kentucky ya tarehe 7 Mei 2022. Walikimbia farasi ishirini, kwa hiyo kila mgeni ana wake, wengine hata wawili. Wenye kujua walikuwa wanawatazama Epicenter na Zandon. Namba 21 alikuwa Rich Strike, farasi ambaye miezi kadhaa kabla tajiri wake alimchukua kwa dola 30,000, bei ya chini mno kwa mbio za namna ile, na ambaye hakuwemo hata kwenye orodha mpaka mwenzake, namba 20, alipojitoa siku moja kabla. Hakuna aliyemhesabu. Dau lake lilikuwa 80 kwa 1. Aliyeweka dola 2 aliondoka na dola 163 na senti 60. Sasa angalia video: muda mwingi humwoni kabisa, yuko nyuma kwenye vumbi. Wanapoingia kwenye mnyoosho wa mwisho Epicenter na Zandon wanagombana mbele, hata mtangazaji anawataja wao, halafu mpanda farasi Sonny Leon anampenyeza Rich Strike upande wa ndani, anamkwepa mmoja aliyechoka mbele yake, anarudi ndani, na kabla watu hawajaelewa ameshapita. Mgeni wako aliyechomoa 21 na kulalamika kwamba kapewa jina asilolisikia hata mara moja, atapanda juu ya kochi. Jiandae na hilo kochi.

Kuna nyingine ya namna hiyo, ya 2009, Mine That Bird, aliyetoka mwisho kabisa akashinda kwa mbali, dau 50 kwa 1. Ila sasa nimezitaja zote mbili hapa, na kama marafiki zako wanasoma safu hii siri imekufa. Basi fanya hivi: mwombe mdogo wako Durban akuchagulie Durban July moja ya miaka ya nyuma, asikuambie mshindi. Hapo hata wewe mwenyeji utacheza, na yeye atajisikia yumo kwenye sherehe ya dada yake.

Zipo za kuepuka. Belmont ya Marekani ya 1973, ambayo farasi Secretariat alishinda kwa umbali wa urefu wa farasi 31, ni ajabu ya dunia, lakini walikimbia watano tu na mshindi anajulikana kabla hata ya mnyoosho wa mwisho. Ionyeshe mwisho, watu washangae huku wanakula, usiichezee kura. Na Kentucky ya 2019 iache kabisa. Aliyefika wa kwanza, Maximum Security, alinyang'anywa ushindi kwa kuwazibia wenzake, akapewa Country House, baada ya waamuzi kukaa dakika 22 wakijadili. Wewe huna waamuzi, una watu wa kikoba, ambao tayari wana yao ya mahesabu.

Umeme ukikatika, hamia barazani. Chora kwa chaki mistari kumi sakafuni, kata farasi wanane wa boksi, kila mmoja na namba yake. Vikaratasi vyenye namba 1 mpaka 8 viwe kwenye kikapu. Mtu anachomoa, anataja namba, farasi huyo anasogea mstari mmoja, karatasi inarudi kikapuni. Hiyo ya kurudisha msisahau, la sivyo farasi wote watakwenda sawasawa mpaka mwisho na mtachoka bure. Wa kwanza kuvuka mstari wa kumi ameshinda. Wapo wanaotumia dadu. Wewe ziache, kuna wazee wasiozipenda hata pasipo senti moja, na nyumba yako ina mzee.

Farasi hao wanane wageni ndio wawape majina, na hapa ndipo sherehe yenyewe itakapokuwa. Nakupa mfano. Stakabadhi Ghalani, ule mfumo wetu wa kuuza korosho: atafika, ila usiulize lini. Kangomba, yule mnunuzi wa korosho wa magendo: ana mbio kweli, lakini anapita njia za panya. Salfa, ile ya kupuliza mikorosho. Mnada wa Kwanza. Majina mengine watayajua wenyewe, na ukiacha wanawake wa pwani wabuni majina ya farasi kama wanavyosoma maneno ya khanga, utasikia mambo. Weka mpaka mmoja: farasi asipewe jina la mtu aliyemo humo ndani. Kuna ndoa zitaumia.

Mtangazaji unaye tayari, yule aliyeuliza farasi wa wapi. Mpigie simu leo, mwambie umemchagua yeye kwa sababu ana mdomo, na atangaze kama wanavyotangaza mechi Nangwanda Sijaona. Mtu wa mzaha ukimpa kipaza sauti anakuwa wako, ukimnyima anakaa pembeni na kuwachekesha wengine juu yako.

Zawadi usizikuze. Doti moja ya khanga kwa mbio kubwa, nusu kilo ya korosho kwa zile ndogo. Mshindi wa Kentucky huvishwa koja la mawaridi mekundu zaidi ya 400 yaliyoshonwa. Mawaridi hatuna, lakini asumini ipo, na koja tunajua kulitunga kabla ya Kentucky kuanza mbio zake 1875. Mtafute bibi mmoja anayetunga vikuba, mpe hela yake, atengeneze koja moja la mshindi na kikuba kimoja kwa kila mgeni mlangoni. Hapo umemaliza habari za mapambo. Kofia kubwa mwenye nayo aje nayo, mwenye ukili ajishonee ya kuchekesha, mwenye ushungi achomeke ua, mwanamume aje na kofia yake ya kiua ya Ijumaa. Asiye na chochote aje na kichwa chake.

Chakula sikufundishi. Pilau, pweza wa nazi kama bei ya siku hiyo inashikika, kachori na bhajia za kushika mkononi watu wakiwa wamesimama. Kinywaji cha Kentucky ni wiski, sukari, barafu na nanaa. Ukitoa wiski ukaweka ndimu unabaki na sharubati safi kabisa, itengeneze ya kutosha. Panga ratiba isigongane na magharibi: mbio kubwa ziwe kabla ya adhana, watu wapumzike, wanaoswali waswali, kisha chakula.

Kabla hujaandika tena kwenye grupu, kaa na mama mkwe. Mwambie hakuna dau, na hakuna ulevi ndani ya nyumba anayolala. Lisiwe ombi, iwe taarifa ya kumtuliza. Akitaka kushika kikapu cha vikaratasi atashika, akitaka kukaa chumbani muache, mpelekee sahani yake na kikuba chake. Halafu andika hivi, au kwa maneno yako:

"Jamani, Siku ya Farasi ipo palepale, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba, kuanzia saa tisa, kwangu. Hakuna mchango, hakuna dau, hakuna sare. Njoo na jina la farasi wako. Pilau ipo."

Amebaki mumeo na bia zake mbili tatu. Haziui, kweli, na Jumapili haitakosa kufika. Akisema lazima ziwepo Jumamosi hiyohiyo, mwambie sawa, ila lile swali la mama bado halijajibiwa, na safari hii aende akalijibu yeye.

Shangazi